Dude la Angani na Frem ya Ami Nassor

Jumamosi, 6 Septemba 2025

Yakhe wangu wa angani, wewe nisiyekujua lakini nakuandikia humu daftarini, salaam. Leo nina habari mbili, moja tamu moja chungu, na zote zimetoka mdomo mmoja: wa Ami Nassor.

Ami kaja jana kutoka Unguja kwa ajili ya karafuu za shamba la babu. Ni ndugu yake baba, ana duka la saruji kule mjini, na hapa Mtambile ana frem moja ya duka barabarani. Tupu. Imefungwa tangu mpangaji wake ahame. Frem ile naiota! Ina mlango wa chuma. Ina giza hata mchana. Ukikohoa ndani, kikohozi kinakurudia. Yaani ni chombo cha angani kabisa, kimekosa nyota tu.

Kwa sababu mie nina mchezo, yakhe. Si mpira, si keram, si wa kwenye TV. Mchezo wa mdomo. Mnakaa mezani, mmoja anasimulia. Huyo ndiye Mwendeshaji, ndiye mie. Wengine ni mabaharia wa chombo kilichoharibika huko juu, mbali na dunia, mbali na kila jirani, na mle ndani mna kitu. Nakuuliza: unafanya nini? Unajibu. Unarusha dadu. Dadu ikikukataa unashikwa na kiwewe, na kiwewe kikijaa umekwisha. Michezo ya namna hii ipo huko duniani, nimeiona kwenye simu. Nimemaliza bando la mama, nimepigwa kofi, nimejifundisha, nimetunga wangu. Unaitwa Chombo Kimya. Hajanifundisha mtu!

Basi nikamwomba Ami frem. Sijafika katikati ya maneno, huyo kaingia Abdulnasir, jirani yetu wa nyuma, mwenye TV mbili na gemu za mpira. Naye anaitaka frem. Kambusu Ami mkono, kauliza hali ya kila mtu Unguja mpaka kuku. Mnafiki!

Ami akatuangalia. Akasema gemu za TV anazijua, watu wanakaa. Huo wangu wa mdomo ndio haujui, na mwisho wake ni upi? Nikamwambia mwisho ni pale Dude likiondoka chomboni, au mabaharia wakiisha. Akanipa mpaka Ijumaa baada ya laasiri. Aone kwa macho yake watu wamekaa na mie tangu mwanzo mpaka mwisho, hajainuka mtu. Wakikaa, ufunguo wangu. Wakiinuka kabla, mie Jumatatu napanda naye boti kwenda kuuza saruji. Mama akaitikia amin na dua yenyewe haijesha.

Saruji! Mie!

Siuzi saruji. Liandike hilo, yakhe. Haya, nishaliandika mwenyewe.

Jumapili, 7 Septemba

Nimepata mabaharia wawili. Mmoja Mize, binti wa shangazi yangu, fundi cherehani, ulimi wake mkali kuliko mkasi wake. Kakubali kwa sharti awe injinia, na asiamrishwe. Wa pili Jaribu, wa bodaboda. Kauliza mara chungu nzima kama huko angani kuna barabara. Nikamwambia hakuna. Akasema basi yeye atakwenda na pikipiki yake hivyo hivyo, patajulikana huko huko.

Tumekaa uani kwetu, pembeni ya jamvi la karafuu. Kila baharia nimempa punje ya karafuu iwe ndiyo yeye. Akifa nabadilisha, naweka konyo, kile kijiti kitupu cha karafuu. Uzuri wake! Nimebuni mwenyewe.

Nikaanza kwa sauti nzito. Taa zimezimika. Mnatembea kwenye korido. Mbele yenu mnamwona mpishi wa chombo amelala chini, amekufa, macho wazi. Mnafanya nini?

Hapo, yakhe, mtu anatakiwa aruke, apige kelele, akimbilie silaha. Jaribu kasema Innalillahi. Mize kauliza nani atamwosha. Nikasema jamani, aliyemuua yumo humu humu! Mize akasema atakuwamo tu, haendi popote, kwanza maiti asicheleweshwe. Basi wakaanza. Maji ya kumwoshea yapo? Sanda? Nikasema pana mashuka. Na kibla? Huko angani kibla wapi? Jaribu kampigia simu mwalimu wake wa chuoni, Mtambile nzima inamsikia, anamuuliza mtu akifia nyuma ya mwezi analazwa vipi. Mwalimu, Mungu amlinde, akamuuliza wewe Jaribu uko wapi.

Dude langu limesubiri kwenye bomba la hewa mchana wote. Halikupata nafasi ya kutoa hata kidole. Walipomaliza kuzika, Mize akauliza chomboni mna mchele wa khitma? Nikasema mmo. Wakapika. Wakala. Wakanishukuru, wakaenda zao makwao wana furaha.

Furaha! Katika mchezo wa kutisha!

Kesho nalitengeneza Dude upya.

Jumatatu, 8 Septemba

Nimelipata, yakhe. Nimelipata! Dude halina uso. Halina umbo. Lina sauti tu, na sauti yenyewe ni ya mtu unayempenda. Milango ya chombo haifunguki mpaka aliye ndani aseme karibu. Basi Dude linakuja mlangoni, linabisha, linasema hodi kwa sauti ya mama yako. Wewe kwa adabu yako unasema karibu. Umekwisha!

Nywele zimenisimama mwenyewe. Hili hata huko kwenye simu sijaliona.

Nikaenda nyuma ya jiko kufanya mazoezi. Kichwa ndani ya ndoo, sauti ipate mwangwi. Nikaita kwa sauti ya mama: Souuuud! Soud weee! Njoo, mwanangu! Ilitoka sawasawa. Ilitoka sawasawa mno. Mama alikuwa ndani, kasikia mama anamwita Soud, na mama ni yeye. Katoka kaja kutazama. Kamkuta mwanawe wa pekee kachutama, kichwa ndoo, anajiita.

Sikupewa nafasi ya kueleza. Nimefukizwa ubani mpaka machozi. Nimesomewa. Jirani kaletwa kunisomea tena, pengine mama karuka aya. Nilipojaribu kusema kuwa lile lilikuwa Dude tu, mama akamwambia jirani, unaona? Linajitaja lenyewe!

Adhabu yangu ni kuchambua karafuu mpaka jua lizame. Vidole vinanuka, kucha zimekuwa nyeusi. Abdulnasir kapita uchochoroni, kasimama juu yangu, kauliza kama Dude limetoka au bado. Nikamwambia lipo, lakini haliingii kwa kila mtu, linachagua wenye akili. Akacheka. Halafu akasema na yeye anataka kucheza.

Hapo nikamwelewa. Anakuja kuvuruga! Atainuka Ijumaa katikati ya mchezo, mbele ya Ami, kusudi. Mtu mwingine angekataa. Mie nimemkubalia. Kwa sababu konyo lake liko tayari. Ntamuua Jumatano, kabla ya mtu yeyote, na maiti haina la kuvuruga.

Jumatano, 10 Septemba

Abdulnasir hafi.

Kajitangaza nahodha. Hakuulizwa. Mize na Jaribu wamemkubali papo hapo kwa sababu ati ana sauti ya nahodha. Nikamtobolea kofia ya hewa: karusha dadu, sita. Nikamkatia ngazi: sita. Nikamwachia mtambo umdondokee kichwani: sita, na mtambo ukamkosa ukamwangukia mjusi! Dadu za ludo ni zangu, nimezinunua mie, halafu zinampenda yeye.

Lakini sikiliza, yakhe, kulikuwa na uzuri. Nilijiandaa. Jana Ami alikula wali wa nazi na samaki, akajilaza, akakoroma. Nikamrekodi. Ukipunguza kasi ile sauti kwenye simu, astaghfirullah, si mtu tena yule! Ni kitu kinavuta pumzi kwenye bomba. Leo nikaiweka simu ndani ya ndoo, ndoo nikaifunika kanga chini ya meza. Na kabla hatujaanza nikatoa sheria, nikaisema kwa ukali: kinachosikika mezani kimetokea chomboni. Hakuna kubisha.

Wakafika kwenye chumba cha mitambo. Nikaiwasha simu kwa dole gumba la mguu.

Khooooo.

Jaribu kaipandisha miguu kwenye kiti. Mize kaacha kutafuna. Abdulnasir, nahodha mzima, kanishika mkono! Mie! Wametishika, yakhe, wametishika kweli! Nikanong'ona: linakaribia. Liko nyuma ya mlango. Limesimama. Nikanyamaza, nao wakanyamaza, hata kuku wakanyamaza.

Na ndani ya ndoo ikapigwa adhana ya magharibi.

Simu ya mama ile, yakhe. Mama kaiwekea adhana. Nilisahau. Nikapiga mbizi chini ya meza niizime, Mize akanipiga kofi la mgongo: unaikata adhana, wewe? Basi tumekaa watu wazima wanne tunaisikiliza ndoo kwa heshima mpaka mwisho. Ndoo ikamalizia na dua. Tukaitikia.

Jaribu ndiye aliyesema. Kashusha miguu, uso umemkunjuka. Kasema: kumbe mwenzetu!

Nikasema hapana. Hapana! Dude si mwenzetu, Dude ni Dude, ile ni simu. Mize akanikumbusha sheria, tena kwa sauti yangu, mkali kama nilivyokuwa mie: kinachosikika mezani kimetokea chomboni. Hakuna kubisha. Abdulnasir kama nahodha akaamua rasmi kuwa Dude ni Muislamu, pengine limepotea njia tu, masikini, liko mbali na kwao. Wakaenda kusali.

Nimeandika sheria mpya: Mwendeshaji anaweza kufuta sheria. Wamekataa wote.

Alhamisi, 11 Septemba

Mize kapita na nguo za watu mkononi. Kaniambia nimsikilize japo leo. Ami hakusema niwatishe watu, kasema wakae mpaka mwisho. Basi kesho nisimulie, Dude liondoke, mchezo uishe, nichukue ufunguo. Kutisha ntatisha wiki ijayo ndani ya frem yangu mwenyewe. Kasema: usiwe na tamaa, Soud.

Mize ni fundi mzuri wa nguo. Mambo ya sanaa hayajui.

Watu wakitoka mle kesho wanacheka, Ami atasema ni mzaha. Lazima watoke wanatetemeka! Lazima Ami akifika nyumbani aangalie nyuma ya mlango. Nimeamua. Kesho sitaki ndoo, sitaki simu. Ni mie, mlango, na hodi.

Abdulnasir naye kaja jioni, eti nimwambie tu kidogo, Dude liko sehemu gani ya chombo. Kaniletea na kipande cha mkate wa kumimina. Mpelelezi! Mkate nimekula. Siri sikutoa.

Ijumaa, 12 Septemba

Leo ntaandika yote.

Tumecheza ndani ya frem yenyewe. Ami kafungua, kaweka kiti pembeni, kikombe cha kahawa mkononi, kasema yeye ni mtazamaji tu, wasimshughulikie. Mize, Jaribu, Abdulnasir mezani. Mlango umerudishwa, mwanga unaingia kwa uwazi wa chini tu. Moyo wangu, yakhe, kama mashine ya kukoboa mpunga.

Nimesimulia kuliko siku zote. Hewa inapungua. Mafuta yanavuja. Chombo kinalia kama mtu. Ami alikuwa mtazamaji kwa muda wa mafunda mawili ya kahawa. Kisha akauliza mbona hawazibi lile bomba. Kisha akasema wazibe kwa simenti. Kisha kiti chake kikasogea mezani, na Mize kampa punje ya karafuu, na Ami Nassor, mwenye duka mjini Unguja, akawa baharia wa saruji wa Chombo Kimya. Akarusha dadu! Akapata tano, akapiga meza, akamwambia Abdulnasir, nahodha, bomba tayari!

Ningekufa pale pale kwa raha.

Basi nikawakusanya wote kwenye chumba kimoja. Mlango mmoja. Nikapunguza sauti. Nikasema: mnasikia nyayo. Zimesimama nje. Nikabisha meza, taratibu. Nikasema kwa sauti ya mama, ile ile ya kwenye ndoo: hodiii.

Kimya. Hajajibu mtu. Wameganda! Nikajisemea, Soud, umeweza.

Nikabisha tena. Hodi, wanangu. Nimechoka, nifungulieni.

Kimya. Jaribu anaangalia dari. Ami hata kahawa hanywi.

Nikabisha mara ya tatu, polepole kuliko zote, na sauti nikaitia machozi. Hodi.

Kimya. Nikahesabu pumzi zao. Woga huu ungeuzwa kwa pishi, yakhe, ningekuwa tajiri wa kisiwa!

Ndipo Mize akashusha pumzi, akafuta mikono, akasema: haya, limeondoka.

Nikauliza nani kaondoka. Akasema Dude. Limepiga hodi mara tatu, halikujibiwa. Tumefundishwa nini chuoni sote hapa? Mara tatu, usipojibiwa, unarudi ulikotoka. Na hili ni Muislamu, tumesikia adhana yake kwa masikio yetu. Jaribu akasema ndiyo maana yeye alibana mdomo, alitaka kupasuka. Abdulnasir kasema nahodha anathibitisha. Na milango, Mize akaongeza, si haifunguki bila karibu? Nani kasema karibu?

Hakuna aliyesema karibu.

Ami kacheka, yakhe. Kacheka mpaka kofia ikamtoka. Kasema hakika, limekwenda zake, lina adabu kuliko wapangaji wake wote. Kaingiza mkono mfukoni. Nimesikia funguo zikilia. Akaniuliza: basi ndiyo mwisho, Mwendeshaji? Limeondoka?

Neno moja tu. Ndiyo. Mize ananikanyaga mguu chini ya meza. Ndiyo!

Lakini walikuwa wanacheka. Wote. Ile kazi yote, ubani wote ule, kichwa ndoo, halafu Dude langu lirudi nyumbani kama mgeni aliyekosa watu! Sikuamini mdomo wangu mwenyewe. Nikasimama juu ya kiti nikapiga ukelele: halikuondoka! Linavunja mlango! Linaingia! Linamla nahodha!

Kicheko kikakatika.

Ami kaweka kikombe chini. Kaniuliza taratibu: lilikaribishwa? Nikasema hapana. Na limeingia? Nikasema limeingia. Kwenye chumba alimo Mize, mtoto wa kike, kajistiri mle? Nikasema Ami, ni Dude. Akasema mbona sasa hivi tu lilikuwa na adabu, mara hii nani kalifundisha? Akaniangalia mie. Akasema kwenye mlango wake hakiingii kitu namna hiyo, si cha ardhini si cha mbinguni. Akainuka. Jaribu akainuka. Abdulnasir, ambaye wiki nzima nimemngoja aniharibie, ndiye aliyebaki wa mwisho, na yeye ni kwa kuwa kaliwa, alikuwa anamuuliza Mize kama akiliwa anaweza kurudi.

Mwisho haukufika. Wameinuka.

Jumamosi, 13 Septemba

Begi langu liko mlangoni. Mama kalipanga mwenyewe, kanitilia na ubani wa akiba.

Habari zenyewe: jana usiku, saa ya watu kula, Mize kaja kumpa Ami nguo aliyomkunjia upindo, na Ami akamuuliza, basi wale mabaharia walifika kwao? Mize akammalizia. Dude lilipokosa kujibiwa likarudi, bomba la simenti likashika, wakafika salama. Ami akauliza: na safari nyingine je?

Ufunguo anao Mize. Frem ni ya mchezo. Abdulnasir TV zake kaziacha kwao, ati nahodha hana muda wa mpira.

Nimekwenda leo baada ya laasiri. Si kugombana, yakhe, kusaidia tu, kwa sababu hawajui kutisha. Mlango wa chuma umefungwa. Pikipiki ya Jaribu nje. Makubadhi ya Ami nje! Ndani sauti ya Mize inashuka polepole, kama yangu, na mtu anasema yallah kwa woga.

Nikabisha. Hodi!

Kukawa kimya.

Nikabisha tena. Hodi jamani, ni mie Soud! Nasikia mtu kabana cheko. Hawajibu.

Mara ya tatu nikaona nitumie akili. Nikaigiza sauti ya mama yake Mize, shangazi yangu, nikaitia na kikohozi chake: hodi, Mize mwanangu, nifungulie.

Ndani wakanyamaza kama kaburi. Wakanyamaza vizuri mno. Ikabidi nirudi nyumbani.

Njia nzima nimefikiri, na nimefika na jibu. Kosa lilikuwa mlango. Frem ile ina dirisha nyuma, la ubao, limefungwa siku zote lakini halina chuma, na hodi ni ya mlango, sijasikia mtu aliyepigia dirisha hodi. Boti ni keshokutwa. Kesho wanacheza tena. Ndoo ninayo, koromo la Ami ninalo, adhana nishaizima, na kama Ami yumo ndani basi uzuri zaidi, atatishwa na yeye mwenyewe. Akitetemeka tu, ufunguo atanipa, na saruji atabeba Abdulnasir.

Dirisha liko juu kidogo, ntahitaji pipa la kusimamia. Sasa, yakhe wangu wa angani, ungekuwa wewe, ungeanza kutia dirishani ndoo au kichwa?